Springi ya bawaba ya mlango kwenye pikapu ya zamani ya Chevrolet, ibadilishe mwenyewe na macho yako yabaki mawili

Kama una Chevrolet C1500 au K1500 ya kuanzia 1988 mpaka 1998, au ile mdogo wake S-10, hii shida unaijua hata kabla sijaitaja. Umepaki sehemu yenye kamwinuko, umefungua mlango, mguu mmoja uko chini mwingine bado ndani, mkononi una kahawa, mara mlango unarudi wenyewe na kukugonga ugoko. Ukipaki upande wa mteremko ndo mbaya zaidi, mlango unakimbia mpaka mwisho na kugonga gari ya jirani supamaketi, halafu unaanza kuandika namba yako ya simu kwenye karatasi kama mtu mwenye dhambi.

Mi ninayo C1500 ya 1994, niliinunua hapa Ohio ikiwa imeshachoka, kwa sababu nilikuwa nataka kitu cha kubebea mizigo. Sikujua kwamba ukiwa Mswahili mwenye pikapu basi kila anayehama nyumba mjini anakutafuta wewe kwanza, "kaka upo Jumamosi?" Kwa hiyo mlango wangu wa dereva unafunguliwa mara nyingi kuliko mlango wa duka la Mangi, na kila anayeingia anauning'inia kama anapanda daladala. Ongeza na ile chumvi wanayomwaga barabarani kipindi cha baridi kuyeyusha barafu, inaingia kwenye bawaba inakaa humo mpaka inakula chuma, bawaba haiwezi kupona.

Sasa kwanza tuelewane hii springi inafanya nini. Kwenye Hilux nyingi tulizozoea nyumbani kuna ule ukanda wa chuma uliokaa katikati ya bawaba mbili, unaingia ndani ya mlango, ndio unaoushika mlango usizidi na usirudi. Hizi Chevrolet hazina huo ukanda. Kazi yote imewekwa kwenye bawaba yenyewe, kuna springi nene fupi imebanwa pale, inasukuma kimkono cha chuma, kimkono kinakandamiza rola ndogo, na pale rola inapopita kuna vibonde. Rola ikidumbukia kwenye kibonde mlango unasimama, unasikia ile "klak" ya kizito. Springi ikikatika au ikidondoka hakuna kinachokandamiza chochote, mlango unabaki unapepea kama pazia.

Springi iko kwenye bawaba moja tu ya kila mlango. Fungua mlango mpaka mwisho, washa tochi, chungulia kule kati ya mlango na bodi, huwezi kuikosa. Ukikuta sehemu ya kukaa springi ipo wazi na imebaki alama ya kutu ya duara basi ujue ilishadondoka zamani barabarani na aliyekuuzia gari alikuwa anajua.

Hapa ndo nataka unisikilize vizuri kwa sababu hapa ndo mi nilikosea. Usikimbilie kununua springi. Shika mlango kwa nyuma kule kwenye loki, ukiwa umefunguliwa nusu, unyanyue kwenda juu kama unataka kuubeba. Ukinyanyuka hata kidogo, ukaona bawaba inacheza, basi bushi, yaani vile vibomba vidogo vya chuma vinavyoizunguka pini ya bawaba, zimekwisha na springi mpya ni hela ya kutupa. Mi niliweka springi bila kuangalia hilo, nikafurahi wiki tatu, wiki ya nne nikatoka kazini nikakuta imelala chini pembeni ya tairi. Bushi zikiisha mlango unalala, bawaba inakaa upande, na vile viti viwili vinavyoibana springi havitazamani tena sawasawa, kwa hiyo kila ukifungua springi inasogea kidogo kidogo mpaka inatoka. Kwa hiyo mpangilio ni pini na bushi kwanza, rola pili, springi mwisho kabisa.

Dalili nyingine ya bushi kuisha ni mlango kufunga kwa kuunyanyua, yaani una ile staili yako ya kunyanyua na kusukuma ambayo mgeni akija kwenye gari lazima umfundishe. Angalia pia kile chuma kilichotokeza kwenye bodi ambacho loki ya mlango inaking'ata, ukiona kimekwanguliwa upande wa juu basi mlango umelala. Na tafadhali, kuna watu wanakilegeza hicho chuma wanakishusha ili mlango ufunge vizuri. Usikiguse! Ukishatengeneza bawaba mlango utarudi juu, na kama ulikishusha utaanza kazi upya ya kukirudisha.

Vitu vya kununua: pini na bushi zinauzwa kwa seti, hakikisha idadi inatosha bawaba zote mbili za mlango unaoutengeneza. Rola na pini yake zinauzwa peke yake au pamoja na springi. Mi mzigo wote wa mlango mmoja ulikuwa bei ya kwenda kula nyama choma na soda mbili, siyo kitu cha kukopa. Wakikuuliza dukani wape mwaka, modeli, na sema ni mlango wa mbele. Kama tundu la bawaba limeshaliwa limekuwa yai badala ya duara, kuna bushi za unene mkubwa zaidi, lakini hizo itabidi utoboe tundu kwa drili lilingane nazo, hapo pima mara mbili. Bawaba zenyewe kiwandani zimechomelewa, hazijafungwa na boliti, kwa hiyo kubadilisha bawaba nzima ni kazi ya kukata chuma, ni stori nyingine kabisa. Ndo maana unataka kuziokoa mapema.

Vyombo: nyundo, bisibisi bapa, plaizi ya kawaida na ile ya kung'ata ikajifunga yenyewe, jeki ya matairi, kipande cha mbao, taulo nene la zamani, grisi nyeupe, dawa ya kulainisha kutu, na miwani ya kinga. Miwani siyo mapambo, nitakueleza kwa nini. Halafu kuna kile chombo cha kubania springi, kina taya mbili zenye vidole vinavyoingia katikati ya mizunguko ya springi, ukikaza boliti taya zinasogeleana na springi inafupika. Maduka mengi ya spea hapa Marekani yana utaratibu wa kuazimisha vyombo, unaacha dipoziti ukirudisha unarudishiwa hela yako yote, kwa hiyo uliza kwanza kabla hujajifanya mbunifu. Mi nilijifanya mbunifu.

Anza jioni ya siku iliyotangulia kwa kupuliza dawa ya kutu kwenye pini zote, juu na chini, acha ilale nayo. Asubuhi puliza tena.

Kama springi ya zamani bado ipo, itoe kabla hujagusa pini yoyote. Sogeza mlango taratibu mbele nyuma huku unaiangalia, kuna pozi ambayo springi inakuwa ndefu kidogo kuliko nyingine, yaani haijabanwa sana, simamisha mlango hapo. Vaa miwani, funika springi na taulo, kisha ingiza chombo chako, kaza, itoe. Ukiwa huna chombo na springi imeshakatika, vuta vipande kwa plaizi, vile havina nguvu sana. Springi nzima ambayo haijakatika usiichokonoe na bisibisi ukiwa umeinamia uso pale. Ile kitu imebanwa kwa nguvu ya kushikilia mlango wa chuma, ikipata nafasi ya kutoka haiombi ruhusa.

Sasa pini. Panga jeki chini ya mlango, sehemu ya katikati kuelekea nyuma, juu yake mbao na taulo usichubue rangi, ipandishe mpaka iguse tu halafu ongeza kidogo sana. Lengo ni jeki ibebe uzito ili pini zisibanwe, siyo kuusukuma mlango mbinguni. Mlango wa hizi pikapu za cab moja ni mrefu na mzito, usidhani utaushika kwa goti. Tafuta mtu. Mi nilimwita shemeji yangu, nikamwambia kazi yako ni moja, shika mlango usiyumbe.

"Shem, na nikichoka?"

"Usichoke."

Toa pini moja, maliza hiyo bawaba, ndo uende nyingine. Hii ni siri kubwa ya hii kazi. Ukitoa zote mbili kwa pamoja mlango unabaki unaning'inia kwenye waya za ndani, zile zinazopita kwenye mpira kati ya bodi na mlango kwenda kwenye vioo vya umeme na spika, ukizivuta zikakatika utakuwa umejitafutia kazi ya wiki nzima. Pia bawaba moja ikibaki imefungwa mlango hauhami sana, matundu yanatazamana vizuri wakati wa kurudisha.

Pini ina kichwa upande mmoja, na chini ya kichwa kuna mikwaruzo kama meno ambayo ndiyo inang'ang'ania chuma. Upande wa pili angalia kama kuna klipu, kama ipo ipanue na bisibisi uisogeze itoke. Halafu unagonga pini kutokea upande usio na kichwa. Mwanzoni gonga na nyundo moja kwa moja, ikishazama usawa wa bawaba tumia kitu chembamba kuliko pini, pini ya zamani ya mlango mwingine inafaa sana, au boliti. Ikishatokeza kichwa kidogo kibane na ile plaizi ya kujifunga, gonga plaizi yenyewe kwenda upande wa kutokea huku unaizungusha. Yangu ya chini ilinitoa jasho karibu saa nzima, theluji nje, mi nimevua jaketi.

Ikitoka utaona yenyewe. Pini yangu ilikuwa imeliwa upande mmoja mpaka ina kiuno, na bushi sikuikuta, kulikuwa na unga wa rangi ya dhahabu tu na kipande kama ganda la karanga. Bushi inatengenezwa na chuma laini kuliko pini makusudi, iliwe yenyewe badala ya bawaba, lakini ikishakwisha kinachofuata kuliwa ni bawaba.

Gonga mabaki ya bushi yatoke, safisha tundu na msasa mwembamba au brashi ya waya, toa kutu yote. Bushi mpya ina mdomo upande mmoja, ule mdomo unakaa kwenye uso wa bawaba kama washa. Kabla hujatoa za zamani piga picha na simu midomo ilikuwa inaangalia wapi, maana ukishazitoa utasahau, niamini. Ingiza mpya kwa kuzigonga polepole, weka kipande cha mbao juu yake usiipige nyundo moja kwa moja, ikipinda mdomo imekufa. Paka grisi kwenye bushi na kwenye mwili wa pini, ingiza pini, na hapa shemeji ndo anahitajika, anyanyue ashushe mlango milimita kwa milimita huku we unatafuta tundu. Kama pini haiingii kwa kugongwa kawaida usiongeze nguvu, ongeza jeki au punguza. Ikishapita gonga kichwa mpaka yale meno yang'ate, rudisha klipu. Nenda bawaba ya pili, rudia.

Ukishamaliza zote mbili shusha jeki, funga mlango. Kama ulizoea kunyanyua na kusukuma utanyanyua kwa mazoea, mi nilinyanyua nikajisikia mjinga, mlango ulifunga kwa kidole. Kama haufungi vizuri usirukie chochote, angalia kwanza kama pini zimezama mpaka mwisho.

Rola ni kazi ndogo. Toa kipini chake, ingiza rola mpya, grisi kidogo. Izungushe na kidole, lazima izunguke. Ile ya zamani yangu ilikuwa haizunguki kabisa, imekaa kama jiwe la kunolea visu, imeliwa bapa upande mmoja. Ukiacha rola ya namna hiyo halafu ukaweka springi mpya mlango utakuwa unalia kama punda kila ukifungua.

Haya, springi. Kama umeazima chombo, kibane springi mezani mpaka iwe fupi kuliko nafasi yake kwenye bawaba, ingiza, hakikisha ncha zote mbili zimekaa kwenye viti vyake, legeza boliti polepole huku unaangalia, chomoa chombo, umemaliza. Kabla hujaibana lakini fikiria vile utakavyokitoa chombo mkono ukiwa kule ndani, vidole vya chombo vielekee kwako, visielekee kwenye bodi. Nimeona mtu ameingiza vizuri sana halafu chombo chenyewe hakitoki.

Mi siku ile sikuwa na chombo, nikatumia jiliwa, ile taya ya chuma ya kubania vitu, iliyofungwa kwenye meza ya gereji. Unaiweka springi kwenye jiliwa, unakaza mpaka mizunguko ikaribiane sana, halafu ukiwa bado umeibana unaifunga, unalegeza jiliwa, unabaki na springi fupi iliyofungwa kama mzigo wa kuni. Ukishaiweka kwenye bawaba unakata kamba, inafunguka yenyewe na kukaa. Nadharia nzuri sana. Shemeji akaleta zile kamba za plastiki za kufungia waya, nyembamba, za kompyuta. Nikafunga nne upande mmoja kwa sababu ndo upande niliokuwa naufikia. Kulegeza jiliwa, springi ikajikunja kama ndizi, kamba ya kwanza pa, ya pili pa, halafu sikuona kitu tena, nikasikia tu mlio kule kwenye friza. Lile friza mpaka leo lina kibonde, na mke wangu akiwaonyesha wageni anaanza na maneno "siku shemeji na kaka yenu walipokuwa mafundi."

Kwa hiyo kama lazima utumie jiliwa, tumia waya wa kufungia nondo, ule laini mweusi, ukunje mara mbili. Funga sehemu tatu kuizunguka springi kwa umbali sawa, ukiitazama kutoka juu iwe kama mafiga, ndo haitajikunja. Pitisha waya ndani ya springi, urudi nje, pindua na plaizi mpaka ukaze. Mapindo yote yakae nje sehemu utakayoweza kuyafikia na mkasi wa waya ukishaiweka ndani. Legeza jiliwa kidogo kidogo, springi imefunikwa na taulo, na we simama pembeni, usisimame mbele ya ncha zake. Kisha ingiza kwenye bawaba mlango ukiwa kwenye ile pozi yenye nafasi zaidi, ikae sawa, kata waya mmoja, tazama, kata wa pili, tazama, wa tatu. Itakaa na mlio wa kushtua lakini itakaa. Vuta vipande vya waya vyote, usiache kimoja humo.

Ikishakaa shemeji asiufungue mlango kwa fujo. Fungua polepole mara kama kumi huku unaangalia springi na tochi, ncha zake zisisogee. Sikilizia vibonde, mlango usimame mwenyewe. Paka grisi nyeupe kwenye rola na pale inapopita, na kwenye pini zote. Ile dawa ya kutu inayopulizwa siyo grisi, inakauka haraka na kuosha grisi uliyoweka, ifute yote kabla hujapaka. Mi kipindi cha baridi kikiisha naosha bawaba na maji ya moto kutoa chumvi, nakausha, napaka tena.

Kama gari yako ina bawaba zisizocheza hata ukinyanyua mlango, basi bahati yako, ruka pini zote nenda moja kwa moja kwenye rola na springi, kazi ya dakika 20 ukiwa na chombo. Na ukiona chuma cha bawaba chenyewe kina ufa pale kinapokalia springi, acha, usiweke springi, peleka kwa mtu anayejua kuchomelea, maana huo ufa ukifunguka springi inakuja usoni.

Mlango wa dereva sasa una mwaka wa pili hauna neno, napaki kwenye ule mlima wa kanisani natoka na kahawa yangu mkononi. Wa abiria sijaugusa bado. Shemeji akipanda huwa anauzuia na mguu, na kila Jumamosi ananiuliza lini tunamalizia, mi namwambia nikinunua friza jingine.